Manda, Malindi au Mombasa, pesa au pointi: ulinganisho kwa msafiri wa Lamu na Malindi

Mtu wa Lamu akiuliza ndege ya Dubai ni pesa ngapi, jibu analopewa huwa ni bei ya Nairobi–Dubai au Mombasa–Dubai. Bei hiyo ni nusu ya habari. Yeye anaishi Langoni, au Shela, au Matondoni, na kati ya mlango wake na huo uwanja kuna boti, basi au ndege ndogo, na pengine usiku mmoja wa kulala hotelini. Nawakatia watu tikiti hapa Lamu, jamaa na majirani, na baadhi ya watu wa Malindi hunitumia picha ya pasipoti kwa WhatsApp. Hesabu ninayoisisitiza kwa kila mmoja ni ya kutoka baraza ya nyumbani hadi anakokwenda, na kurudi. Ukiipiga hivyo, tikiti iliyoonekana rahisi kwenye simu mara nyingi hugeuka kuwa ndiyo ghali.

Maamuzi ni mawili na watu huyachanganya. La kwanza, utokee uwanja gani. La pili, ulipe kwa pesa au kwa pointi za shirika la ndege. Lianze la kwanza, kwa sababu ukilikosea hilo, hata pointi hazitakuokoa.

Utokee wapi

Uwanja wa ndege wa Manda ndio mlango wa karibu kwa mtu wa Lamu. Unavuka kwa boti dakika chache, unapanda, na kabla ya saa mbili kupita umeshafika Nairobi. Ila Nairobi ina viwanja viwili. Jambojet hutua JKIA, pale pale zinapopaa ndege za kimataifa. Safarilink hutua Wilson, kando ya barabara ya Lang'ata, na kutoka hapo hadi JKIA kuna teksi na foleni. Kwa mtalii anayelala Nairobi, Wilson haina ubaya wowote. Kwa mtu anayeunganisha ndege ya nje siku hiyo hiyo, mimi humwambia achukue ya JKIA hata kama imezidi kidogo, kwa sababu kilichozidi hapo angekilipa kwa teksi, na wasiwasi juu yake.

Gharama ya Manda inayojificha iko upande wa kurudi. Ndege za Lamu ni za mchana, na ndege nyingi za kutoka Ghuba na Ulaya hutua Nairobi jioni au usiku. Ukitua saa tatu usiku, Lamu ni kesho. Hapo ongeza hoteli, teksi ya kwenda na kurudi, na chakula cha usiku. Kwa mtu mmoja mwenye ndugu Eastleigh au South C si neno. Kwa baba mwenye watoto watatu na mabegi sita, ni pesa ya kutosha kubadilisha uamuzi mzima.

Malindi iko tofauti. Njia ya kurukia ndege pale ni fupi, kama kilomita 1.4, kwa hiyo ndege zinazotua ni zile za pangaboi na nyingine ndogo, na safari ya nje kupitia hapo lazima ipite Nairobi kwanza. Lakini Mombasa iko kilomita 120 hivi kwa lami, na matatu hazikatiki tangu alfajiri. Mtu wa Malindi anayepanda ndege hadi Nairobi ili aende Dubai au Addis Ababa analipia mzunguko asiouhitaji. Kwake nasema bila kusita: tafuta Mombasa kwanza, Nairobi iwe ya akiba. Aihesabie tu foleni ya Mtwapa, aondoke mapema kuliko anavyodhani inatosha.

Na Mombasa yenyewe si ile ya zamani ya ndege za watalii wa Ulaya tu. Ethiopian hukupeleka Addis Ababa na kutoka huko karibu popote. Turkish hupita Istanbul, na flydubai wameanza safari za moja kwa moja hadi Dubai tangu Januari 2024. Unaweza kufika London, Jeddah, Mumbai au Guangzhou kwa tikiti moja iliyoanzia Mombasa, na begi lako unaliacha kaunta na kulikuta huko mwisho.

Kwa mtu wa Lamu, kufika Mombasa ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi. Barabara sasa ni lami, lakini vizuizi vya polisi vipo na kitambulisho kiwe mfukoni. Safari hula sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo usipande basi siku ya ndege. Lala Mombasa. Ni nani hapa Lamu asiye na shangazi Kibokoni au mjomba Majengo?

Iko pia treni, na watu wa Malindi huisahau. Daraja la kawaida kutoka Mombasa hadi Nairobi ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, daraja la kwanza 4,500, na kituo cha Nairobi kiko Syokimau, karibu na JKIA kuliko ilivyo Wilson. Kijana anayekwenda nje kwa masomo, ambaye ndege yake ya bei nafuu imetoka Nairobi pekee, treni ya usiku humfikisha alfajiri na teksi yake ni fupi.

Nikupe mfano wa mezani. Mama mmoja wa Mkomani alikuwa anakwenda Umra na bintiye. Nilichukua daftari nikagawanya ukurasa kwa mstari katikati. Kushoto tukaandika Manda: boti, ndege ya ndani ya watu wawili kwenda na kurudi, usiku wa hoteli Nairobi, na kilo za ziada. Kulia tukaandika Mombasa: boti hadi Mokowe, basi, kulala kwa dadake bila malipo, teksi hadi uwanjani. Tikiti zenyewe za ndege ya nje hazikupishana sana. Upande wa kulia ulikuwa rahisi kwa mbali. Kisha mama akasema magoti yake hayawezi basi la Garsen, na hapo hesabu ikaanza upya, kwa sababu afya ya msafiri nayo ni gharama. Tukarudi kushoto, tukatafuta ndege ya kurudi inayotua Nairobi asubuhi badala ya usiku, na hoteli ikafutika kwenye orodha. Tofauti ikapungua hadi kiasi alichoridhia kukilipa.

Tikiti moja au vipande viwili

Zile kilo za ziada kwenye daftari zilitokana na zamzam. Abiria wa kutoka Jeddah kwa kawaida huruhusiwa dumu la lita 5 kando ya mizigo yake. Lakini ukifika Nairobi na tikiti nyingine ya ndani uliyoinunua peke yake, dumu hilo linakuwa kilo 5 na ushei ndani ya kiwango cha ndege ndogo, ambacho ni kidogo sana kuliko cha ndege ya nje. Mabegi mawili ya kilo 23 yaliyopita Jeddah bila swali yanaweza kukusimamisha kaunta ya ndege ya Lamu.

Ndiyo maana napendelea tikiti moja inayoanzia nyumbani na kuishia mwisho wa safari, panapowezekana. Jambojet ni kampuni tanzu ya Kenya Airways, kwa hiyo anayekwenda London au Dubai na Kenya Airways aangalie kwanza kama mfumo utamuuzia Lamu au Malindi hadi mwisho kwa tikiti moja. Ikiwa hivyo, ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua vipande viwili mbali mbali, ya pili ikikuacha ni shauri yako, na tikiti ya bei ya chini mara nyingi hairudishwi pesa. Kama vipande viwili ndivyo vyenye nafuu, acha nafasi kubwa katikati: nusu siku kwenda, na kurudi vivyo hivyo.

Kwenye kutafuta bei, Google Flights na Skyscanner zote ni nzuri, ila kila moja kwa kazi yake. Google Flights naitumia kuona mwezi mzima kwa pamoja, siku gani iko chini, na kuweka tahadhari ya bei inayoletwa kwa barua pepe. Skyscanner naipenda kwa sababu hukuruhusu kuandika nchi nzima kama mahali pa kwenda au kutoka, ukalinganisha Mombasa na Nairobi kwa mara moja. Ndege za ndani za Wilson mara nyingi hazitokei vizuri kwenye hizo zote mbili, hivyo tovuti ya shirika lenyewe ifunguliwe pia. Nikishaipata bei, nanunua kwa shirika moja kwa moja, isipokuwa ajenti yuko chini kwa kiasi cha maana. Siku ya mambo kuharibika, mwenye tikiti ya shirika huhudumiwa pale kaunta, na mwenye tikiti ya tovuti ya kati huambiwa awapigie waliomuuzia.

Ile habari kwamba tikiti hununuliwa Jumanne, au kwamba ukifuta historia ya simu bei inashuka, iache. Kinachoshusha bei ni siku unayosafiri na umbali wa muda kati ya leo na siku hiyo.

Pesa au pointi

Pointi za ndege ni kama Bonga: unalimbikiza kidogo kidogo kwa matumizi yako, na thamani yake inategemea umezitumia kununua nini. Kosa linaloenea ni kuamini kwamba tikiti ya pointi ni ya bure. Kodi na tozo za viwanja unazilipa kwa pesa, na mashirika kadhaa huongeza juu yake tozo la mafuta ambalo kwa njia ndefu si dogo.

Kipimo changu ni kimoja. Chukua bei ya pesa, toa kodi na tozo utakazolipa ukitumia pointi, gawanya kwa idadi ya pointi. Tuseme Mombasa–London kwenda na kurudi ni shilingi 110,000 kwa pesa, au pointi 45,000 pamoja na tozo la shilingi 38,000. Toa 38,000 kwenye 110,000, unabaki na 72,000. Gawanya kwa 45,000: kila pointi imekununulia shilingi 1.60. Sasa tuseme mwezi wa Mei bei hiyo hiyo imeshuka hadi 72,000, na pointi zinazotakiwa ni zile zile. Kila pointi sasa ni senti 76. Safari ni ile ile, kiti ni kile kile, ila Mei umeziuza pointi zako kwa chini ya nusu. Mei lipa pesa, tena pesa hizo zitakuingizia pointi mpya. Pointi zingojee wakati bei imepanda.

Kwa upande mwingine, pointi si mali ya kurithisha. Zina tarehe ya kufa, na mashirika hubadilisha bei zake bila kukuuliza. Anayezitunza miaka na miaka akingoja safari ya ndoto huamka siku moja akute safari imepanda bei kwa pointi elfu nyingi. Zikitosha na kipimo kikiwa kizuri, zitumie.

Nani pointi zinamfaa? Mfanyabiashara wa Malindi anayekwenda Dubai au Guangzhou kufuata bidhaa kila baada ya miezi michache, huyo akikosa kuwa na namba ya uanachama anatupa mali. Familia yenye mtoto ughaibuni anayekuja kila likizo, vile vile. Lakini anayesafiri nje mara moja kwa miaka mingi asichague ndege kwa ajili ya pointi. Kulipa shilingi 8,000 zaidi ili kupata pointi zenye thamani ya 2,000 si akiba.

Na wanaokwenda Umra na kundi la ajenti wajue: tikiti za kundi mara nyingi haziingizi pointi, au huingiza chache mno. Vile vile tikiti za daraja la chini kabisa la bei. Shirika hutazama herufi ya daraja la nauli iliyoandikwa kwenye tikiti, na watu wawili waliokaa viti vya jirani wanaweza kupata pointi zinazopishana mara nne.

Kikapu kimoja, lakini kipi?

Hapa nasema wazi: chagua programu moja, ya pili iwe kwa sababu maalumu tu. Pointi 6,000 hapa, 9,000 pale na 4,000 kule hazikununulii kitu.

Kwa wengi wetu, mashindano ni kati ya Ethiopian na Qatar. ShebaMiles, programu ya Ethiopian, ina nguvu ya Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege ambao Ethiopian walijiunga nao mwaka 2011 na ambao Turkish wamo pia. Maana yake mtu wa Malindi akipanda Ethiopian safari moja na Turkish safari nyingine, zote mbili zinaweza kuingia akaunti moja. Kwa wingi wa safari za Mombasa na nafuu ya nauli, kwa wengi wetu ndiyo ningeiweka mbele. Qatar wanatumia pointi ziitwazo Avios tangu 2022, na Avios zinahamishika kati ya Qatar na British Airways. Kwa mwenye jamaa Uingereza hilo ni jambo kubwa, kwa sababu aliyeko London anaweza kuzikusanya kwa kadi ya benki ya huko na matumizi ya kila siku, kisha akamkatia mzazi wake tikiti. Avios za Qatar hudumu miezi 36 tangu zilipoingia au kutoka mara ya mwisho, kwa hiyo hata anayesafiri kila mwaka wa pili huzilinda.

Anayetokea Nairobi ana Emirates, ambao maili zao za Skywards hudumu miaka mitatu hivi, na ana Kenya Airways walioko SkyTeam, muungano mwingine wa mashirika, pamoja na KLM, Air France na Saudia. Flying Blue, programu ya Air France na KLM, hutoa punguzo la pointi kila mwezi kwa njia zinazobadilika. Anayeweza kusafiri tarehe yoyote atafaidi, ila mwenye likizo ya shule hana nafasi hiyo.

Emirates na Qatar zote zina akaunti ya familia, ambapo pointi za baba, mama na watoto huingia kapu moja. Kwa nyumba zetu zenye watu wengi, hili lina uzito kuliko ule ubora wa viti unaotangazwa. Safari moja ya watu watano inaweza kuzalisha kiasi ambacho mtu peke yake angekingojea miaka.

Jambo dogo linalokosesha watu pointi: jina. Pasipoti imeandikwa Fatma, akaunti imefunguliwa Fatuma. Au pasipoti ina majina matatu na akaunti mawili. Mfumo hauwajui kama ni mtu mmoja, na pointi haziingii. Nakili jina kutoka kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Na weka kipande cha kupandia ndege hadi pointi zionekane. Zisipoonekana, mashirika mengi yanakubali madai kwa miezi kadhaa baada ya safari, ila watataka namba ya tikiti.

Usinunue pointi wala tikiti ya pointi kutoka kwa mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. Mashirika yanakataza biashara hiyo, na tikiti ya aina hiyo inaweza kufutwa hata ukiwa umeshafika huko. Mtu aliyeachwa Jeddah bila tikiti ya kurudi hana pa kumshitaki muuzaji.

Kalenda mbili

Bei za kwetu zinafuata kalenda mbili kwa pamoja. Moja ni ya watalii na shule: Desemba na mwanzo wa Januari juu, Agosti juu, na kuanzia Aprili hadi Juni, wakati wa masika na kusi, chini. Ya pili ni ya mwezi mwandamo: Rajabu na Shaabani Umra inaanza kupanda, kumi la mwisho la Ramadhani liko juu kabisa, na wakati wa Maulidi viti vya kuja Lamu hujaa.

Kwenye kalenda ya watalii mwenyeji ana faida moja ambayo hawana. Yeye huelekea kinyume. Wiki ya kabla ya Krismasi ndege zinakuja Manda zimejaa na kurudi Nairobi zina nafasi, na baada ya mwaka mpya mambo hugeuka. Anayetoka Lamu tarehe 20 Desemba anaweza kupata kiti kwa bei nzuri kuliko anayetoka tarehe 4 Januari.

Lakini Ramadhani husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2028 inatarajiwa kuanza mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 zitakuwa Ramadhani mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo miaka hiyo msimu wa Umra na msimu wa watalii vinakutana, na kiti cha Lamu–Nairobi kitagombaniwa na anayekwenda Makka na anayerudi Milan kutoka ufukwe wa Shela. Anayenuia Umra ya miaka hiyo, hapo ndipo pointi zitakapokuwa na thamani yake kamili, mradi azikusanye kuanzia sasa kwenye akaunti moja na akate mapema. Mashirika mengi hufungua viti vya pointi karibu mwaka mzima kabla ya safari, na vile vya bei ya chini ni vichache. Tikiti ya pointi kwa kawaida hufutwa kwa ada isiyoumiza na pointi zikarudi, kwa hiyo kukata kabla tarehe ya mwezi haijathibitika si hatari kubwa. Kipande cha Manda ndicho kinunuliwe kwa pesa mara tu kinapofunguliwa, na kama kimeshapanda bei, chukua basi la Mokowe na tikiti ya kutokea Mombasa.